Kuwa Makini na Nafsi Yako: Mwongozo wa Wiki Nane kwa Anayeanza

Kila ninapozungumza na watu juu ya mazoezi ya kutuliza akili, maswali yanayorudi ni yaleyale. Je, ni lazima nifunge macho? Je, haya si mambo ya dini nyingine? Mbona nikikaa kimya ndipo mawazo yanapozidi? Nimefanya siku nne na sijaona kitu, niendelee au niache? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja na kwa mpangilio wa hatua, ili anayetaka kuanza kesho asubuhi ajue la kufanya tangu anapokaa hadi anapoinuka.

Uzingatifu ninaouzungumzia hapa ni jambo dogo: kujua kinachotokea ndani yako na mbele yako wakati kinapotokea, bila kukimbilia kukihukumu wala kukibadilisha. Sote tunamjua mtu ambaye yupo lakini hayupo. Mwili umekaa barazani, moyo umekwenda kwenye kodi ya nyumba, kwenye neno aliloambiwa jana, au kwenye ujumbe ambao haujajibiwa. Kujitambua huanza pale mtu huyo anapogundua kwamba hayupo. Litazame pia neno letu "mawazo". Mtu akisema "nina mawazo", hakuna anayempongeza kwa kuwa na fikra nyingi. Kila asikiaye anaelewa kwamba mwenzake anasumbuka. Wenzetu Washona wa Zimbabwe nao wana neno "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, na hulitumia kueleza hali ambayo daktari angeiita sonona au wasiwasi uliozidi. Mwongozo huu hauahidi kuyaondoa mawazo. Unafundisha kuyaona yanapokuja na kujua yamekuja na nini.

Kuhusu dini, nijibu mapema kwa sababu swali hili huwazuia wengi. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mbinu hizi ilitunzwa na kuendelezwa na Wabuddha wa Asia kwa zaidi ya miaka 2000. Hata hivyo, namna inayofundishwa katika hospitali nyingi leo ilipangwa na Jon Kabat-Zinn kuanzia mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo, na mshiriki hatakiwi kusali sala yoyote wala kukiri imani yoyote. Aidha, mambo yanayokaribiana na haya si mageni kwetu. Mwislamu anajua jinsi swala inavyopungua inapokosa khushuu, yaani unyenyekevu na utulivu wa moyo, na mwanazuoni wa Kiislamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwa urefu juu ya murakaba na muhasaba, yaani kuichunga nafsi na kuifanyia hesabu. Mkatoliki anajua uchunguzi wa dhamiri uliosisitizwa na Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Sisemi kwamba mambo haya yote ni kitu kimoja. Nasema kwamba anayekaa dakika kumi akifuata pumzi yake haiachi imani yake mlangoni.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kiti kigumu chenye egemeo, au mkeka na mto mdogo usiobonyea. Sofa laini haifai, kwa kuwa itakulaza.
- Saa yenye mlio wa upole. Simu inafaa, mradi umezima intaneti na sauti ya ujumbe kabla ya kukaa.
- Daftari dogo na kalamu. Usiandike kwenye simu. Ukiishika kuandika mstari mmoja utajikuta unasoma habari za watu wengine kwa nusu saa.
- Dakika 5 hadi 10 za asubuhi na dakika 5 za jioni.
- Neno moja kwa watu wa nyumbani. Waambie kwamba kwa muda huo usiitwe isipokuwa kwa dharura. Mtu anayekaa huku akisubiri kuitwa hakai, anasikiliza mlango.

Huhitaji muziki, ubani, nguo maalumu wala programu ya simu ya kulipia kila mwezi. Ukiambiwa kwamba huwezi kuanza bila kununua kitu, mtilie shaka anayekuambia.

Tahadhari moja ni ya lazima. Ikiwa umewahi kuona au kusikia vitu ambavyo wengine hawavioni wala kuvisikia, ikiwa ulipitia tukio la kutisha ambalo bado linakujia kama linatokea upya, au ikiwa sasa hivi unawaza kujidhuru, usianze peke yako. Ukimya huweza kuyaleta mambo hayo juu kwa nguvu kuliko unavyoweza kuyabeba. Zungumza kwanza na mhudumu wa afya ya akili. Tanzania kuna Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe mjini Dodoma, Kenya kuna Mathari jijini Nairobi, na popote ulipo hospitali ya karibu inaweza kukuelekeza.

Hatua

1. Lifunge zoezi kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Usiseme "nitakaa nikipata nafasi", kwa maana nafasi haipatikani. Anayeswali alfajiri na abaki palepale baada ya kumaliza nyuradi zake. Anayepiga mswaki kabla ya kuoga na akae akishaweka mswaki chini. Anayefungua duka saa mbili na afike dakika 15 mapema, akae ndani kabla ya kufungua mlango kwa wateja. Asubuhi hufaa kuliko usiku, kwa sababu usiku mwili unadai usingizi na utaupata. Kosa la kawaida hapa ni kusoma ujumbe wa simu kwanza. Ukianza na simu utakaa na watu kumi na watano kichwani, kila mmoja akidai jibu.

2. Kaa. Nyayo ziguse sakafu, mgongo uwe wima bila kukakamaa, mikono ipumzike mapajani, kidevu kishuke kidogo. Unaweza kufunga macho, au kuyaacha nusu wazi ukitazama sakafu kama mita moja mbele yako. Namna zote mbili ni sahihi. Anayesinzia upesi afungue, anayevutwa na kila kinachopita afunge.

3. Weka saa dakika 5 kwa wiki ya kwanza, kisha dakika 10 kuanzia wiki ya pili. Fanya hivyo hata kama unahisi unaweza zaidi. Kozi ya Kabat-Zinn, ambayo huchukua wiki nane, humwomba mshiriki afanye mazoezi ya nyumbani ya takribani dakika 45 kwa siku, lakini mshiriki huyo ana mwalimu anayekutana naye kila wiki na wenzake wa kumtia moyo. Wale niliowaona wakianza peke yao kwa muda mrefu namna hiyo wengi waliacha kabla ya wiki ya tatu, tena wakiwa na hisia kwamba wameshindwa. Dakika tano zinazofanyika kila siku zinakutosha kuanzia.

4. Ifuate pumzi bila kuiongoza. Tafuta mahali ambapo unaihisi waziwazi: puani inapoingia ikiwa ya baridi kidogo, kifuani, au tumboni panapopanda na kushuka. Chagua mahali pamoja na ubaki hapo kwa wiki nzima. Kila pumzi inapotoka, hesabu kimoyomoyo, moja hadi kumi, kisha anza tena moja. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo katika dakika tano ungeweza kufika kumi mara sita au zaidi. Wengi hawafiki hata mara moja, na hilo si tatizo, kama utakavyoona katika hatua inayofuata. Onyo: usivute pumzi kubwakubwa kwa kudhani kwamba ndivyo inavyotakiwa. Ukifanya hivyo kwa dakika kadhaa utapata kizunguzungu na vidole vitaanza kuchomachoma. Iache iende yenyewe, fupi ikiwa fupi, ndefu ikiwa ndefu.

5. Akili ikiondoka, itaje safari yake, kisha urudi kwenye moja. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na naomba upasome polepole. Utahesabu moja, mbili, tatu, na kabla ya kufika saba utajikuta unapanga namna ya kumjibu shemeji yako. Usishtuke. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha matokeo ya kuwauliza watu wazima 2,250 kupitia simu zao, nyakati mbalimbali za siku, walikuwa wakifanya nini na kuwaza nini. Katika takribani asilimia 47 ya majibu, akili ilikuwa kwenye jambo jingine kabisa. Kutangatanga ni tabia ya akili yenye afya, sawa na moyo unavyodunda.

Kazi yako ni mambo matatu. Kwanza, tambua kwamba umeondoka. Pili, ipe safari hiyo jina la neno moja: "kupanga", "kukumbuka", "kubishana", "kuogopa". Tatu, rudi kwenye pumzi na uanze kuhesabu moja. Usirudi kwa kujikaripia; rudi kama unavyomshika mkono mtoto mdogo aliyekimbilia barabarani na kumrudisha uani, bila kumchapa, kwa sababu unajua atakimbia tena.

Kule kurudi ndilo zoezi lenyewe. Aliyeondoka mara thelathini akarudi mara thelathini amefanya zoezi mara thelathini. Aliyezama katika ndoto tamu kwa dakika tano bila kugundua hakufanya zoezi hata mara moja, ingawa huenda akainuka akisema leo akili ilitulia sana. Ndiyo maana nasikitika kila ninapomsikia mwalimu akiwaambia wanaoanza "ondoeni mawazo yote kichwani". Maneno hayo yamewafanya watu wengi waaminifu waamini kwamba wao hawafai, wakati walikuwa wakifanya vizuri kabisa na hakuna aliyewaambia.

6. Katika wiki ya tatu na ya nne, upitie mwili. Kaa, au ulale chali mkekani kama husinzii upesi. Anza na dakika mbili za pumzi, kisha peleka umakini kwenye vidole vya mguu wa kushoto, unyayo, kifundo, goti, paja. Halafu mguu wa kulia. Halafu kiuno, tumbo, kifua, mgongo, mabega, mikono, shingo, taya, macho, utosi. Kila mahali jiulize swali moja tu: kuna nini hapa? Majibu ni ya kawaida, kama vile joto, baridi, kubanwa, kuwasha, ganzi. "Sihisi kitu" nalo ni jibu kamili. Tumia muda zaidi kwenye taya, mabega na tumbo, kwa sababu watu wengi huweka huko mambo ambayo hawajayasema. Ninawajua watu waliogundua katika wiki hii kwamba kwa miaka wamekuwa wakitembea mabega yamepanda kama wanaotarajia kupigwa. Onyo: hili si zoezi la kujipima magonjwa. Maumivu yanayoendelea yapelekwe hospitali.

7. Katika wiki ya tano na ya sita, ipe hisia jina lake halisi. Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Watu wengi, ukiwauliza wanajisikiaje, wana majibu mawili tu: "salama" na "nina stresi". Salamu zetu zimetuzoesha hivyo. "Hujambo" hujibiwa "sijambo" hata na mtu aliyetoka kuzika. Mbele za watu ni adabu njema. Ndani ya nafsi yako, hata hivyo, jibu hilo linafunga mlango kabla hujaona aliyesimama nje.

Fanya hivi. Kaa na pumzi kwa dakika mbili. Kisha jiulize: kwa sasa nina nini? Usitafute jibu kichwani, lisubiri mwilini. Misemo yetu imekwisha kukuchorea ramani: tumbo joto, roho juu, moyo kwenda mbio, damu kuchemka, donge kooni, kijasho chembamba. Ukishapata mahali, tafuta jina, na usiridhike na la kwanza. Hamaki huwaka ghafla na kuzimika, hasira hukaa, kinyongo ni hasira iliyofunikwa ili watu wasiione, na huendelea kuwaka chini ya majivu. Mwenye wivu anaogopa kupokonywa alicho nacho, ilhali mwenye kijicho anaumia kwa alicho nacho mwenzake. Aibu inahitaji macho ya watu. Majuto yanakuuma hata kama hakuna aliyeona. Hofu ina kitu inachokiogopa, wasiwasi mara nyingi hauna. Fedheha huja imevaa nguo za hasira, na upweke vilevile, hasa kwa wanaume ambao tangu utotoni wameruhusiwa hisia moja tu.

Ukishapata jina, liseme kimoyomoyo kwa namna ya "nina": nina kinyongo, nina hofu. Kiswahili kimetupa zana nzuri hapa, kwa kuwa "nina hofu" maana yake ni kwamba mimi niko pamoja na hofu, kama mtu aliye na kikapu mkononi. Kikapu kipo, lakini si yeye. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionesha kwamba watu walipoitaja kwa neno hisia waliyoiona kwenye picha ya uso, msisimko wa sehemu ya ubongo inayoshughulika na vitisho ulipungua. Utayaona hayo mwenyewe bila mashine: jina likiwa sahihi, pumzi hushuka kidogo.

Maonyo ya hatua hii ni mawili. Usianze na jeraha kubwa kuliko yote maishani mwako. Anza na kero ya juzi, ile ambayo kwa kipimo cha kumi ungeipa tatu. Pia, usianze kuchimba sababu ukiwa umekaa. Swali "kwa nini" litakurudisha kwenye kubishana na watu ambao hawapo chumbani. Liache mpaka jioni, kwenye daftari.

8. Katika wiki ya saba na ya nane, lipeleke zoezi kwenye shughuli. Kozi ya Kabat-Zinn huanza na kula zabibu kavu moja kwa utaratibu. Sisi tuna tende, na inafaa hata zaidi. Ichukue moja. Itazame mikunjo yake, inuse, iweke ulimini bila kutafuna na uone mate yanavyokuja, kisha itafune polepole mpaka ibaki kokwa. Watu wengi husema wamekula tende maisha yao yote na hiyo ndiyo ya kwanza kuionja. Baada ya hapo chagua shughuli moja ya kila siku na uifanye kwa umakini uleule: kuosha vyombo, kufagia uwanja, kutembea hadi kituoni. Foleni ni mahali pazuri, kwani hakuna pa kwenda. Anayeendesha chombo asifunge macho wala kuhesabu pumzi. Uzingatifu wake uwe barabara yenyewe.

9. Weka pumzi tatu kabla ya kujibu. Ujumbe ukikuchoma, mteja akipaza sauti, mtoto akimwaga maziwa, hesabu pumzi tatu kabla ya kufungua kinywa au kuandika neno. Baada ya pumzi ya tatu unaweza kusema lilelile ulilotaka kusema. Mara nyingi hutalisema.

10. Andika kila jioni, kuanzia siku ya kwanza. Andika mistari mitatu tu, kwa maswali haya: Leo ni wakati gani nilichukuliwa na hisia? Niliihisi wapi mwilini? Jina lake halisi lilikuwa nini? Ukurasa wako unaweza kusomeka hivi: "Saa nne asubuhi mteja alirudisha kitambaa mbele ya watu. Tumbo joto, mabega juu. Nilidhani ni hasira, ilikuwa fedheha." Hakuna haja ya insha wala ya kujilaumu.

Siku ya mwisho ya kila wiki, soma kurasa zote na utafute kinachojirudia. Hapa ndipo kujitambua kunapopata uzito, kwa sababu siku moja inaweza kukudanganya lakini siku ishirini na nane hazikubaliani kusema uongo. Ukiona fedheha imejitokeza mara tano, na zote mbele ya watu, umejifunza jambo ambalo pengine jamaa zako wamelijua kwa miaka. Ukiona hasira zako nyingi ziko kati ya saa sita na saa nane mchana, jiulize kwanza kama umekuwa ukikosa kula. Daftari lihifadhi mahali pa siri. Ukijua kwamba litasomwa utaanza kuandika kwa ajili ya msomaji.

Mambo yanapokwama

*Nasinzia kila nikikaa.* Huenda una deni la usingizi, na dawa yake ni kulala mapema. Kama unalala vya kutosha, fungua macho, nawa uso kwa maji baridi, au fanya zoezi ukiwa umesimama.

*Miguu inakufa ganzi.* Hamia kwenye kiti. Kukunja miguu hakukuongezei chochote.

*Nyumba ina kelele.* Usisubiri kimya, kwa wengi wetu hakiji. Jogoo, jenereta la jirani, mwadhini, wapiga debe na watoto wanaokwenda shule, wote wachukulie kama pumzi ya pili: sikiliza sauti inapoanza na inapoishia, bila kumhukumu aliyeitoa, kisha rudi kuhesabu. Wazazi wa watoto wadogo wanaweza kugawa dakika 10 kuwa tano mara mbili, na siku nyingine kuhesabu pumzi huku wakimbembeleza mtoto.

*Nikifuata pumzi kifua kinabana na hofu inazidi.* Hili huwapata baadhi ya watu, na haimaanishi kwamba una kasoro. Acha pumzi kabisa. Peleka umakini kwenye nyayo zinavyogusa sakafu, au mikono inavyogusa mapaja, na ufungue macho utaje vitu vitano unavyoviona chumbani. Fanya zoezi lako lote kwa nyayo badala ya pumzi kwa wiki kadhaa.

*Nimeanza kulia, au kumbukumbu nzito imekuja.* Machozi kidogo yanayopita si jambo baya. Lakini ikiwa kumbukumbu inarudi kila unapokaa, inakunyima usingizi au inakufanya ujione uko mbali na mwili wako, simamisha mazoezi na utafute mtu wa kuzungumza naye. Mazoezi haya hayakuundwa yachukue nafasi ya mazungumzo. Jijini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafundisha akina bibi wa mitaani kuwasikiliza watu wenye kufungisisa, wakiwa wameketi kwenye benchi karibu na zahanati, na mpango huo umewasaidia wengi. Mtafute mtu wako wa benchi: mshauri nasaha, muuguzi, kiongozi wa dini anayejua kusikiliza, au shangazi asiyesambaza maneno. Ukiona hali inazidi, nenda hospitali.

*Nimekuwa mkali zaidi kuliko zamani.* Kwa kawaida maana yake ni kwamba sasa unaiona hasira ambayo awali ilikuwa inapita bila kuonekana. Angalia daftari la wiki ya kwanza ulinganishe. Lakini pia waulize watu wawili unaoishi nao, kwa upole, kama umebadilika. Wakisema kweli umekuwa mkali, punguza muda wa kukaa na uongeze hatua ya 9.

*Wiki tatu zimepita na sijisikii tofauti.* Usipime kwa unavyojisikia wakati umekaa. Pima kwa mambo madogo ya nje: mara ngapi umegundua kwamba umekasirika kabla ya kusema neno, mara ngapi umemaliza kula na unakumbuka ladha, mara ngapi umemsikiliza mtu hadi mwisho wa sentensi yake. Kama baada ya wiki nane kamili hayo yote ni sifuri, huenda njia hii haikufai kwa sasa, na hakuna ubaya. Kwa wengine kutembea, kuimba kwaya au kulima bustani hufanya kazi hiyohiyo vizuri zaidi.

*Nimekosa siku tano mfululizo.* Usijaribu kulipa deni kwa kukaa dakika hamsini Jumapili, na usianze upya kutoka wiki ya kwanza kama adhabu. Andika tarehe kwenye daftari, ruka mstari mmoja. Kesho asubuhi kaa palepale unapokaa siku zote, weka saa dakika tano, na uanze kuhesabu kutoka moja.